Taa Baridi ya Tangi la Samaki

Chumba tulichoishi mimi na wadogo zangu wawili kilikuwa stoo ya saruji kabla hatujahamia, na vumbi lake halikuisha kwa muda wote tuliokaa humo. Ukifagia leo, kesho limerudi kwenye mashuka. Kilikuwa nyuma ya jiko la nyumba ya wageni mjini Kasese. Hakikuwa na dirisha, na hatukulipa kodi. Badala ya kodi nilifua mashuka ya wageni na kutunza samaki.

Mwenye nyumba ile alikuwa Hajji mmoja mwenye malori mawili. Alibeba saruji kutoka kiwanda cha Hima hadi mpakani, na mara nyingine alivuka nayo Kongo. Pale mapokezi aliweka tangi la kioo lenye samaki wadogo wekundu na majani ya majini, vyote alivyovitoa Kampala ndani ya ndoo, akiwa ameishika mapajani njia nzima. Wageni wengi hawakumwelewa. Kwetu samaki ni ngege wa kitoweo, na huja sokoni akiwa amekwisha kufa. Dereva mmoja wa lori aliyezoea kulala pale aliniuliza kila alipofika, "Dada, hawa wako watafikisha kilo lini?"

Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akafuata. Siku ya kumaliza matanga, huko kwetu Kyondo, ukoo ulikaa uwanjani ukatugawa. Wadogo zangu wote wawili waende Bwera kwa shangazi. Mimi nilihesabiwa mtu mzima, nitafute kazi. Nikasema hapana, tunakaa pamoja. Shangazi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto watano wake mwenyewe na kibanda cha mitumba, na mdogo wangu wa kati alipenda vitabu. Nilijua angewekwa kibandani, na shule angekuwa anaipita tu njiani.

"Mtalala wapi?" shangazi aliniuliza mbele ya watu wote.

Jibu nililipata wiki chache baadaye Kasese, Hajji aliponipa kazi na ile stoo. Aliniambia akiwa amesimama mlangoni, funguo bado mkononi mwake.

"Lala hapa na wadogo zako. Mimi sina maneno mengi. Lakini samaki wangu wakifa, mimi narudisha saruji yangu humu. Umesikia?"

"Nimesikia, Hajji."

Shangazi nilipompigia simu kumweleza, akasema, "Sawa. Siku mkikosa mlango wa kufunga, nakuja na begi."

Kwa zaidi ya mwaka mambo yalikwenda. Juu ya tangi kulikuwa na taa ya tyubu, ndefu, yenye kuvuma kama nyuki. Ilipata moto mpaka mfuniko wa tangi ulipinda. Mchana wa Kasese unajulikana kwa joto, na maji yale yalikuwa yanakaribia kuwa ya kuogea, kwa hiyo nilizoea kuizima mara kwa mara ipoe. Sikuizima kwa ujuzi wowote. Niliogopa tu kupika samaki wa watu.

Tyubu ilipokufa, Hajji alinituma Bwera. Ilikuwa miaka ile taa za LED zilipoanza kujaa kwenye soko la mpakani. Mama mmoja Mkongo alikuwa amezitandaza juu ya turubai, akaziunganisha na betri ya gari ili zionekane zikiwaka hata juani. Nilimweleza ninataka taa ya tangi la samaki. Akachukua moja ndefu na nyembamba, ikiwaka, akaiweka kwenye kiganja changu.

"Gusa, dada. Unasikia moto?"

"Hapana."

"Iko baridi! Hii haiunguze samaki, haiunguze mutu. Unaweza kuiacha inawaka mpaka Yesu anarudia."

Alinipa na kipande kifupi cha taa bure, kwa sababu vijitaa vyake viwili vilikuwa vimekufa. Hicho nilikifunga chumbani kwetu ili wadogo zangu wasomee.

Sasa nieleze kosa langu, maana lilikuwa langu. Kwetu mwanga tunaupima kwa joto. Jua kali ni lile linalochoma mgongo shambani. Moto mkubwa ni ule unaokufukuza mafigani. Hata balbu tulizozijua zamani, watu waliziweka juu ya vifaranga ziwape joto. Taa isiyochoma tuliihesabu kuwa taa isiyo na nguvu, ya kupendeza tu. Kwa hiyo niliifunga ile LED karibu kabisa na maji, nikaiwasha asubuhi nilipoanza kufagia na kuizima mgeni wa mwisho alipokwenda kulala. Sikuona sababu ya kuipumzisha. Niliweka kiganja chini yake kila siku, nikasikia baridi, nikaridhika.

Wiki za kwanza kila mtu alisifu. Samaki walionekana kama makaa. Kisha vioo vikaanza kushika utelezi wa kijani. Nikavisugua. Majani ya majini yakaota kitu kama nywele. Nikayachambua kwa vidole. Halafu maji yenyewe yakageuka, yakawa kijani mpaka ukutani kwa nyuma hakukuonekana. Nilichota maji ya bomba kwenye jerikani, nikayaacha yakae siku moja kama Hajji alivyonifundisha, nikabadilisha nusu ya tangi. Siku ya tatu ukijani ulikuwa umerudi. Nikabadilisha tena, ukarudi tena.

"Dada," yule dereva aliniambia, akiinama kuchungulia, "mmeacha samaki, sasa mnafuga mboga za dodo?"

"Kunywa chai yako."

"Mimi nauliza tu. Kama ni dodo, niwekee na karanga."

Wengine wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu asubuhi ile niliwakuta samaki wote juu ya maji, midomo nje, wakihema. Mmoja alikufa siku ileile. Wa pili alikufa siku mbili baadaye. Niliwazika nyuma ya jiko. Hajji alikuwa Kongo na lori lake, na alikuwa ametuma habari kwamba atarudi Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Nilimpigia shangazi. Sijui hata leo kwa nini nilimpigia mapema hivyo. Labda nilitaka asikie kutoka kwangu. Nilimwambia kuwa huenda tukatolewa chumbani.

"Ijumaa?" akauliza.

"Ijumaa."

"Basi nakuja Ijumaa."

Wadogo zangu nilikuwa sijawaambia, lakini chumba kile kilikuwa kidogo mno kwa siri. Wa mwisho alianza kukunja nguo zake. Wa kati alifanya kama kawaida yake, alijishughulisha na mikebe. Tangu nilete kile kipande cha LED, alikuwa amepanda mbegu za nyanya kwenye mikebe ya maziwa na kuipanga chini ya taa, juu ya kreti la soda. Nilimwambia mara nyingi kwamba mmea hauoti ndani ya stoo. Ulikuwa umeota.

Jioni moja aliniita. "Dada, angalia. Hizi zinaumwa."

Miche ya katikati, iliyokuwa karibu kugusa taa, ilikuwa imepauka. Majani yake ya juu yalikuwa meupe kama yaliyomwagiwa chokaa. Ile ya pembeni ilikuwa ya kijani kibichi, shina nene. Udongo ulikuwa mmoja na maji yalikuwa yaleyale. Nikaingiza kiganja changu kati ya taa na jani jeupe. Baridi.

Nilibaki na mkono pale muda mrefu. Nilimkumbuka mama na kitalu chake cha kahawa Kyondo. Alijenga kichanja juu ya miche, akakiezeka kwa majani ya migomba na magugu ya mlimani, na kila baada ya siku kadhaa alichomoa kidogo ili miche izoee jua. Asubuhi za ukungu, tukiwa tumejifunika mashuka kwa baridi, nilimuuliza kwa nini asiondoe kivuli chote wakati jua lenyewe halipo. Alinijibu bila kugeuka, "Wewe unasikia baridi. Majani yanaona mwanga."

Na ule ukijani wa tangini nao ulikuwa mmea, nami nilikuwa nikiulisha mwanga kutwa. Niliinua kipande cha taa nikakifunga juu, karibu na mbao za dari. Kisha nikaenda mapokezi.

Taa ya tangi niliipandisha kwa vipande viwili vya mbao kutoka jikoni. Nilibadilisha maji kwa mara ya mwisho. Halafu nikachukua kitenge cha mama, kile pekee kilichobaki, nikalifunika tangi lote mpaka chini, maana hata dirisha la mapokezi lilikuwa likilimulika kutwa. Nikaamua tangi litafunuliwa na taa kuwashwa kuanzia saa nane mchana, wageni wanapoanza kuingia, mpaka saa mbili usiku. Muda wa saa sita tu, basi. Mtu yeyote asiguse.

Siku ya tatu maji yalikuwa bado na wingu, lakini hayakuwa yameongezeka ukijani. Siku ya tano niliona ukuta wa nyuma. Samaki wakarudi kuogelea chini. Nilisugua kioo mara moja tu na utelezi haukurudi. Nilitamani wiki mbili zaidi, lakini nilikuwa na siku mbili.

Ijumaa Hajji aliwahi. Saa nne asubuhi lori lilisimama nje, akaingia na vumbi lake, akaliona tangi limefunikwa kitenge mapokezi, giza.

"Nani amekufa hapa?"

"Wawili, Hajji."

Alikuwa anatania. Alipoona uso wangu akaacha. Nilimwambia yote kwa mpangilio: taa niliifunga karibu, niliiacha ikiwaka kutwa, maji yakawa kijani, wawili wakafa, nimewazika nyuma ya jiko, tisa wako hai.

"Fungua nione."

"Saa nane, Hajji."

"Unasema?"

"Wanapumzika kutokana na mwanga. Nafungua saa nane."

"Wewe! Tangi ni langu. Taa ni yangu. Mimi nimenunua taa ikae gizani?" Alishika pindo la kitenge. Nilisimama mbele yake.

"Nikifungua sasa utafurahi leo tu," nikasema. "Kama unataka chumba chako, chukua, nimekosa kweli. Lakini huyo utakayemweka hapa mwambie saa nane mpaka saa mbili. Asizidishe."

Shangazi alikuwa amekwisha kufika. Alikaa kwenye benchi la mapokezi na begi lake tupu limekunjwa mapajani, na alisikia kila neno. Hajji akamtazama, akatazama begi.

"Na huyu mama?"

"Shangazi yangu. Amekuja kuwachukua wadogo."

Hajji aliachia kitenge. Akaenda msikitini kwa sala ya Ijumaa, akarudi, akaagiza chai, akakaa kwenye kochi akitazama kitenge kama mtu anayetazama mlango wa ofisi. Wadogo zangu walirudi kutoka shule, wakamwona shangazi na begi, wakasimama pale walipokuwa.

Saa nane nilifunua, nikawasha.

Maji hayakuwa safi kama ya chupa. Bado yalikuwa na rangi kidogo, na majani mengine yalikuwa na makovu. Lakini ulimwona kila samaki, na ulimhesabu. Hajji aliinuka, akahesabu kwa kidole kwenye kioo, akafika tisa, akahesabu tena. Aliweka kiganja juu ya taa.

"Lakini haina moto," akasema.

"Ndiyo hilo lililonidanganya, Hajji."

Akaita jikoni kwa sauti kubwa, ingawa mpishi alikuwa karibu: "Hii taa isiguswe na mtu kabla ya saa nane! Mtu akiniuliza, nitamwambia hawa wanalala!" Akageuka kwa shangazi. "Mama, umekunywa chai?" Habari ya chumba hakuisema siku ile wala siku nyingine. Lori lake lilipopakuliwa, mifuko ya saruji ilipelekwa kwenye banda la nyuma, nikaelewa.

Shangazi hakuwa mtu wa kurudi mikono mitupu. Aliingia chumbani kwetu, akaona nyanya zinaota ndani ya stoo isiyo na dirisha, akapiga makofi mara moja, akauliza huu ni uchawi wa nani. Mdogo wangu wa kati alimpa mikebe sita ya miche. Akaipanga ndani ya begi.

"Usiipande juani moja kwa moja," nilimwambia. "Iweke kivulini kwanza, uitoe kidogo kidogo."

"Nimeanza kulima wewe hujazaliwa."

Wiki iliyofuata alipiga simu. Alikuwa ameipanda miche palepale alipofika, jua la saa sita, na minne ilikuwa imekauka.

"Nyanya zenu ni laini sana," akalalamika. "Zimezoea kukaa hotelini."

"Nilikwambia kivuli, shangazi."

"Ulisema." Akakohoa. "Na watoto?"

"Wako shule."

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Haya. Basi niotesheeni mingine minne," akasema, "begi nitaleta mwenyewe."