Mayai Bila Ugali

Jumapili, hapa Ruiru, binti yangu alinikaangia mayai na spinachi, bila ugali wala mkate. "Mum, hii haina wanga," alisema akijivuna.

Harufu ya kitunguu ilinirudisha utotoni, kwenye chumba chetu katika mtaa wa mabanda wa Kiandutu, alasiri ambayo mama alikaanga mayai na terere, ule mchicha wa kienyeji, akaniwekea sahani.

"Ugali iko wapi?"

"Leo tunakula hivi tu."

Nilidhani ananiadhibu. Nikatoka nje nikilia hadi majirani wote wa ploti wakasikia: "Mama amekataa kunipikia ugali!"

Jirani, aliyeelewa kuliko mimi, alikuja na mkebe wa unga. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akanisongea ugali, wala hakunigombeza.

Kuanzia siku hiyo, kabla ya kupakua chakula, mama alikuwa anafunga mlango.