Nyonga ya Mama Mkwe

Nimeoa Usukumani. Nalitaja hilo kwanza kwa sababu bila hilo hamtanielewa huko mbele. Mimi ni Mhaya, nimekulia kwenye migomba na ibada za Kilutheri, na kwetu Kagera nako mkwe anaheshimiwa sana. Lakini nilipooa binti wa Misungwi ndipo nikajua kwamba heshima nayo ina madaraja. Mama mkwe wangu hakuwahi kula mbele yangu. Hakuwahi kukaa kwenye chumba nilichomo. Tukikutana njiani anaingia kwenye mahindi ya watu na kujifunika khanga usoni, nami napita nikitazama chini kama mtu aliyedondosha sindano. Nikisema "Shikamoo mama," naitikiwa "Marahaba baba" kutoka nyuma ya ukuta. Zaidi ya hapo, maneno yetu yote yalipita kwa mke wangu.

Miaka ya mwanzo jambo hilo liliniudhi. Nilidhani mama wa watu ananichukia. Nikamwambia mke wangu, naye akacheka hadi akakaa chini.

"Angekuchukia angekaa mbele yako akakukodolea macho," alisema. "Anakuheshimu huyo. Vumilia."

Basi nikavumilia, na kadiri miaka ilivyokwenda nikaanza kuipenda heshima ile. Nikienda Misungwi nakuta maji ya kuoga yamepashwa moto, kuku amechinjwa, na aliyefanya yote hayo haonekani. Nilihudumiwa na mtu ambaye sura yake sikuwa na hakika nayo.

Halafu mama akaanguka. Alikuwa ameanika michembe juu ya jabali nyuma ya nyumba, vile vipande vya viazi vitamu vinavyokaushwa juani kwa ajili ya miezi ya njaa. Wingu likatanda ghafla kutoka upande wa ziwa, akapanda kuikusanya kabla haijalowa. Jabali lilishapata matone ya kwanza. Alishuka namna ambayo siwezi kuisimulia, maana ni mama mkwe. Michembe ilipona. Mguu wa kulia ndio ulioleta maneno.

Mke wangu alikuwa Dodoma kwenye mafunzo ya kazi, kwa hiyo kazi ya kumleta mjini ikaniangukia mimi. Nilifungua mlango wa nyuma wa gari, nikaenda kusimama mbali kwenye mwembe wa jirani hadi wanawake wa pale walipomwingiza. Kabla ya kuwasha gari nikapindua kioo cha ndani kikatazama dari. Nikaendesha kutoka Misungwi hadi Mwanza bila kujua nyuma yangu kuna nini, si magari, si mama mkwe. Simu niliiweka kwenye kiti cha pembeni, sauti juu, mke wangu akiwa hewani kutoka Dodoma.

"Mwambie mama kuna matuta hapa mbele," nasema.

"Mama, kuna matuta," anasema mke wangu.

"Mwambie nimesikia," inasema sauti ya nyuma.

Huo ndio ulikuwa mkutano wetu mrefu kuliko yote hadi siku ile.

Kwenye zahanati, tabibu alimuuliza swali rahisi kabisa: "Mama, unaumwa wapi?" Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimewapa mgongo, lakini masikio hayana mgongo. Tabibu akalazimika kurudia. Mama akasema, "Goti."

Picha ya goti ikapigwa. Goti zima kabisa, halina hata mkwaruzo. Tukapewa dawa za maumivu na ya kuchua, tukarudi nyumbani kwangu Butimba, mama akapewa chumba cha nyuma, na jirani yetu mmoja mwanamke akawa anamsaidia. Alitembea akiegemea mpini wa jembe. Kila siku niliusikia mpini ule ukigonga sakafu, na kila siku uligonga polepole zaidi. Mke wangu akipiga simu kumuuliza hali, mama anaweka sauti juu kabisa kama anavyopenda, nyumba nzima inasikia, nami ni sehemu ya nyumba. "Ni goti tu, mwanangu," anasema. "Linachelewa."

Ilinipa wasiwasi. Mtu ambaye simwoni nilikuwa namsikia akiugulia, na siwezi kuingia kumuuliza. Mwishowe mke wangu akasema mpeleke hospitali kubwa, nami nilikuwa nimeshachukua funguo.

Huko daktari aliiangalia ile picha ya zamani, akaminya goti, akakunja uso, akaagiza eksirei nyingine ya goti. Tukaenda chumba cha mionzi. Mama alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, khanga hadi puani, akisukumwa na muuguzi, mimi nyuma hatua kadhaa kama askari wa doria. Mtaalamu wa eksirei alikuwa dada wa makamo mwenye sauti nzito. Alisoma kile alichoandika daktari, akamgeukia mama.

"Mimi sipigi picha kabla mgonjwa hajanionyesha kwa mkono wake panapouma," alisema. "Mama, nionyeshe."

Mkono wa mama haukutoka ndani ya khanga. Yule dada akamtazama mama, akanitazama mimi niliyekuwa nasoma tangazo la ukutani kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Kaka, huyu ni nani wako?"

"Mkwe wangu. Mama yake mke wangu."

"Na mnatoka wapi?"

"Misungwi."

"Basi toka nje," akasema, "na mlango ufunge."

Nilifikiri ni habari ya mionzi. Nikatoka. Nilisikia Kisukuma kikianza kule ndani, kwanza cha yule dada, kisha cha mama, kingi, cha haraka, kama bomba lililokuwa limeziba. Haya ni maneno ambayo mke wangu alinifafanulia baadaye: alikuwa anasema nyonga, na kinena, na paja juu huku. Tangu siku aliyoanguka maumivu yalikuwa hapo, yakishuka hadi gotini. Lakini angeyatajaje maeneo hayo na mkwe yuko mlangoni? Angeyatajaje kwenye simu inayosikika sebuleni? Goti ndilo lilikuwa sehemu ya juu kabisa ya mguu ambayo mama mkwe wa Kisukuma angeweza kuitaja mbele yangu. Jamani, mtu alikuwa anatembelea mfupa uliopasuka ili asinivunjie heshima.

Yule dada alimpigia simu daktari, akabadilishiwa maagizo, akapiga picha ya nyonga. Muda si mrefu daktari akaniita kwenye chumba cha pembeni chenye kompyuta. "Ndugu wa mgonjwa, njoo uone," akasema. Nilitaka kumwambia kwamba haifai, mimi huyu mama sijawahi hata kuona kidevu chake vizuri. Lakini alishageuza kioo cha kompyuta kunielekea. Nikaiona nyonga ya mama mkwe, nyeupe kwenye giza, imetulia, haina aibu yoyote. Kwenye shingo ya mfupa wa paja, pale unapoingia kwenye nyonga, palikuwa na mstari mwembamba.

"Huu ni ufa," daktari alisema. "Bahati yake mfupa haujaachia, umejishikilia wenyewe. Tukiuwahi tunaufunga kwa skrubu na atatembea. Ila asiukanyage tena huu mguu. Akiukanyaga vibaya mara moja tu ukaachia, huenda asitembee tena. Halafu nitataka CT scan, nihakikishe hakuna uvimbe unaoula mfupa kutoka ndani."

Nikafikiria mpini wa jembe, siku zote zile, koridoni kwangu.

Nikatoka mbio. Yule dada alikuwa anatoka kwenye chumba cha picha kwenda kutafuta kitanda cha magurudumu. "Simama hapa mlangoni," akaniambia. "Nimeshamwambia asishuke." Ni kweli alikuwa amemwambia. Ila hakuwa amemwambia kwamba atakayetokea mlangoni ni mkwe.

Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa meza ya picha. Aliponiona alishtuka, akavuta khanga usoni, na mwili wake wote ukaanza kufanya kile ulichokifanya miaka yote akiniona, yaani kuondoka. Hapakuwa na ukuta wa kujificha, hapakuwa na mahindi. Palikuwa na meza ile ndefu, na sakafu chini yake. Sijui niseme niliona nini, maana ni mama mkwe; niliona tu kwamba anashuka.

Ningeweza kumkimbilia nimshike. Lakini nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikisogea hata kidogo atashuka haraka zaidi. Nikageuka. Nikaegemeza paji la uso kwenye ukuta wa hospitali, unanuka dawa ya kusafishia, nikafumba na macho juu yake.

"Mama," nikasema, "nimegeuka. Sikuoni. Nakuomba usishuke, mguu utavunjika. Kaa hapo hapo mama, sikuoni."

Sikusikia hatua wala mchakacho wa khanga. Nilikaa vile vile hadi yule dada akarudi na kitanda, akanikuta nimeng'ang'ania ukuta, akasema pole kaka, umepata kizunguzungu?

CT scan ilipigwa. Hakuna uvimbe. Mfupa ulipasuka kwa sababu ulikutana na jabali, basi. Daktari aliponiambia hivyo nililia pale pale, mtu mzima na miwani yangu, na sikujali nani ananiona. Nilimshukuru yeye, nikamshukuru yule dada hadi akaniambia niache watu wengine wahudumiwe. Mpaka leo nikipita karibu na hospitali ile namshukuru moyoni. Mtambo ule unaona ndani ya nyama, lakini hauwezi kujua utazame wapi. Aliyejua kuuelekeza ni yeye, kwa kunitoa mimi nje.

Mke wangu alirudi kwa basi la kwanza. Mama alifanyiwa upasuaji, skrubu zikawekwa, akafanya mazoezi kwenye korido ile ile, safari hii kwa fremu ya kutembelea. Miezi ikapita. Juzi juzi yeye na mke wangu walienda kupiga picha ya kuangalia kama mfupa umeunga, wakarudi na bahasha kubwa ya kaki. Mimi sikujua kama wamesharudi. Niliingia sebuleni nikamkuta mama peke yake kwenye kiti cha dirishani. Nikageuka kutoka, kama kawaida.

"Baba, usiende," akasema. "Njoo unionyeshe hizo skrubu."

Alikuwa ameinua ile filamu kwa mikono miwili mbele ya uso wake, mwanga wa dirisha ukiipitia. Nyuma yake sikumwona yeye, niliona mfupa. Nikasogea. Nikamwonyesha kwa kidole, hii hapa, na hii, na pale palipokuwa na mstari hapana mstari tena. Kutoka jikoni mke wangu akauliza naongea na nani.

"Umepona huu?" akauliza mama kutoka nyuma ya nyonga yake.

"Umepona, mama. Kabisa."

Akaishikilia ile filamu pale pale.

"Siku ile uliyogeukia ukuta," akasema, "vidole vilikuwa vimeshagusa sakafu. Uliposema hunioni, ndipo nikaurudisha mguu. Asante, mwanangu."