Ndugu Zangu Wanaikataa Sauti Halisi ya Mama

Admin, nifichie jina tafadhali, maana ndugu zangu wote wamo humu. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na tisa, naishi Mikumi na mke wangu na watoto wawili. Kazi yangu ni kurekodi sauti: kwaya, matangazo, ngoma za asili. Nina hasira, na nyumbani sina wa kumwambia akanielewa.

Mama yetu yuko Masanze, ni mkulima. Tangu tukiwa wadogo, binti akiagwa kwenda kuolewa, yeye ndiye alikuwa anaitwa kuimba. Wimbo wenyewe ni wa Kisagara, alifundishwa na bibi. Hakuhitaji spika. Sauti yake ilikuwa nzito, inaanzia chini kabisa, inapanda taratibu mpaka mwili unakusisimka.

Kisha akaugua tezi ya shingo. Daktari akatuambia wazi kwamba akipasuliwa, sauti inaweza isirudi. Nikamleta studio kabla ya operesheni, nikaziba madirisha kwa mablanketi, nikamwekea maiki yangu nzuri kuliko zote. Akaimba mara moja tu, akasema, "Imetosha, mwanangu." Kwenye rekodi ile unamsikia anavyovuta pumzi, unasikia hata khanga yake ikigusa kiti. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini sasa anaongea kwa kunong'ona.

Nilituma nakala kwenye kundi la familia. Simu zikaibana ukubwa ili iwe nyepesi kutuma, wakatumiana huyu kwa yule, ikawa nyembamba na kali kama mtu anayeimba ndani ya debe. Nilidhani wanajua ile ni ya kuonjea tu. Kumbe ndiyo waliyoizoea! Kuna dada yangu kaifanya mlio wa simu.

Juzijuzi tulikuwa Kilosa kwenye sendoff ya mdogo wetu wa mwisho. Kwa kuwa mama hawezi tena kuimba, tulikubaliana ipigwe rekodi. Nikampa DJ ile halisi. Haikufika hata katikati, bibi harusi mwenyewe akanifuata.

"Kaka, umemfanya nini mama?"

"Hiyo ndiyo sauti yake."

"Mama hana sauti ya kukoroma hivi! Weka ile yetu, watu wanatushangaa."

DJ akachomeka simu ya shangazi. Ukumbi mzima vigelegele. Watu wanalia kwa furaha, wanacheza, na mimi nimesimama kama mgeni. Tangu siku ile mdogo wangu hapokei simu yangu, anasema nilitaka kuonyesha utaalamu kwenye shughuli yake. Kaka mkubwa naye akanijia juu: "Watu wote wale hawasikii, wewe peke yako ndiye mwenye masikio?"

Kazini nimeshazoea. Kuna kwaya ya Kidodi walinirudishia nyimbo wakidai hazijachangamka. Nikazibana na kuzipandisha sauti mpaka zikapiga kelele, wakafurahi. Sawa, wateja ni wateja. Lakini hawa wamezaliwa na mwanamke huyu! Wamelala mgongoni mwake akiimba!

Nikaona mwamuzi ni mama. Nikaenda Masanze, nikamwamkia, nikamvalisha hedifoni, nikampigia ile halisi. Akafumba macho. Midomo ikaanza kutembea, inafuata maneno, lakini sauti haitoki. Machozi yakamshuka. Akazivua taratibu, akanirudishia.

"Huyu ni mimi," akanong'ona.

Nikafurahi, nikamwambia, "Basi waambie, mama. Waambie wanao."

Akatikisa kichwa. "Ile ya kwenye simu naisikia kama mtu mwingine anaimba, naweza kucheza nayo. Hii inanionyesha nilichopoteza. Usinisikilizishe tena, baba."

Nilirudi Mikumi sijui hata nimeendeshaje pikipiki.

Sasa kaka mkubwa anataka ile ya simu ndiyo wajukuu watunziwe, na hii niifute isiendelee kuleta ugomvi. Mke wangu anasema nikubali yaishe. Nikiifuta, hakuna mjukuu atakayejua bibi yake aliimbaje. Nikiitunza, natunza kitu kinachowaudhi ndugu zangu na kumliza mama yangu akiwa hai.

Wenzangu mlio na wazazi na ndugu, msinicheke. Mngekuwa mimi, mngeifuta?