Siku Niliyopiga Teke Dishi la Jirani

Mke wangu alianza kutoweka kila siku saa nane mchana.

Sio kutoweka kwa kichawi. Nageuka kumwomba maji ya baridi, nakuta kiti kitupu na mlango umerudishiwa. Saa kumi na moja anarudi, suruali kaikunja mpaka magotini, miguu imelowa, uso umechangamka utadhani katoka harusini.

"Ulikuwa wapi, Lorene?"

"Nilikuwa nanyoosha miguu."

Siku tano mfululizo, jibu ni hilo hilo. Nikalimeza, ila halikushuka.

Naitwa Garland, nina miaka sitini na sita, nimeendesha malori Texas nzima mpaka kiuno kikagoma. Hiki ninachokiandika sijawahi kumsimulia mtu mwanzo mpaka mwisho, hata ndugu yangu wa tumbo moja. Hapa nilipo nimeshika simu na uso unaniwaka.

Mwezi wa pili tuliuza nyumba yetu ya Amarillo tukahamia kwenye basi. Sio la kutembelea wikiendi, ni la kuishi humo moja kwa moja. Kitanda, jiko, choo, vyote viko juu ya matairi. Nilikuwa nawatambia watu kwamba wazo ni langu. Ukweli ni kwamba Lorene ndiye aliyesema, "Tuondoke sasa hivi, Garland, tusisubiri mwakani." Mimi nikaona mama kapata mchecheto wa safari.

Kilichokuwa kinanisumbua ni kimoja tu, runinga. Nyumba naweza kuiacha. Mechi siwezi.

Dukani tulikuta madishi ya aina mbili. La kwanza linafungwa juu ya paa, limefunikwa na kitu kama bakuli kubwa. Unabonyeza kitufe, linajizungusha lenyewe mpaka linaipata setilaiti. La pili linasimama chini kwa miguu mitatu, unalitega mwenyewe kwa mkono, halafu unavuta waya mrefu mpaka ndani.

Muuzaji alikuwa mtu muungwana, akatueleza bila kuficha. "La paani halikupi kazi yoyote, ila likizibwa na mti halioni kitu. Sasa ninyi mnapenda kupaki juani au kivulini?"

Lorene akafungua mdomo.

Nikamuwahi. "Juani, kaka. Sisi ni watu wa jua. Hilo la miguu mitatu wauzie wanaopenda kuchuchumaa kwenye majani na dira mkononi."

Muuzaji akacheka. Lorene akafunga mdomo.

Tangu hapo tukifika kambi yoyote, wenzetu wanaangalia mto uko wapi na bafu ziko wapi. Mimi naangalia anga la kusini, maana setilaiti zetu ziko upande huo. Kama kuna tawi hata moja, sipaki. Nimekataa sehemu nzuri nyingi kwa sababu ya tawi.

Mwezi wa nane tukaingia kambi moja kando ya mto Llano. Joto lilikuwa digrii mia na nne kwa vipimo vya huku, yaani arobaini za Selsiasi, mbwa wenyewe wanatembea kwa kurukaruka. Lorene akaninyooshea kidole pembeni ya mto, kwenye miti ya pekani, kivuli kimetanda mpaka majini.

"Namba kumi na tano iko wazi," akasema. "Tukae pale."

"Pale hatutaona hata tangazo," nikamjibu. Nikachukua namba thelathini na moja, katikati ya uwanja wa kokoto, pahali ambapo hata mjusi anapita haraka.

Kiyoyozi kikawa kinaunguruma kutwa na bado ndani tunatoka jasho. Lakini picha, ndugu zangu, ilikuwa safi mpaka unaona ukucha wa mchezaji.

Lorene alikuwa anaangusha vikombe siku hizo. Alikuwa anatembea ndani ya basi kwa kushika kabati, halafu meza, halafu ukuta. Mara mbili aliniuliza mtu aliyesimama nje ni mmoja au ni wawili.

Unajua nilimwambiaje? "Umezeeka kabla ya mumeo." Nikacheka peke yangu.

Pale namba kumi na nne, kivulini, alikuwa anakaa jamaa anaitwa Truett, mzee mwenzangu, fundi mstaafu wa mabasi ya shule. Basi lake lilikuwa chini ya pekani kabisa, lakini dishi lake la miguu mitatu lilikuwa limesimama peke yake juani, hatua thelathini hivi, waya umetambaa kwenye majani mpaka dirishani. Kila nikipita namchokoza.

"Truett, mbona dishi umelifunga kamba kama mbuzi?"

"Mbuzi acha ale jua, bwana. Mwenye mbuzi anakaa kivulini."

Mzee ana majibu yule. Nikamchukia kidogo, nikaendelea na safari yangu.

Siku ya sita Lorene akatoweka tena. Timu yangu ilikuwa inaongoza, lakini wivu ulishanipanda mpaka utosini. Nikaiacha mechi inacheza, nikavaa kofia, nikafuata alama za kandambili zake kwenye vumbi.

Zilinipeleka moja kwa moja namba kumi na nne.

Kandambili zenyewe nikazikuta kwenye ngazi ya Truett, zimepangwa vizuri kabisa, kama za mtu aliyefika kwake. Ndani nasikia runinga na kicheko cha Lorene, kile ambacho nilikuwa sijakisikia tangu Amarillo.

Halafu nikaisikia sauti ya Truett. "Inua mguu, mpenzi. Taratibu. Bado kidogo."

Jamani, akili iliruka. Badala ya kwenda mlangoni kama mtu mzima, nikageukia kitu cha kwanza nilichokiona. Nikalifuata lile dishi kule juani, nikalipiga teke la nguvu zote. Likaenda upande wake, mguu mmoja ukapinda, sinia lake likabusu kokoto.

Ndani runinga ikanyamaza.

"Toka nje, Truett!" nikabweka nikirudi mlangoni. "Toka na mke wangu, mzee mzima huna haya!"

Kambi nzima ikatoka, wengine na sahani za chakula mkononi. Nikazidi kutapika maneno, mengine siwezi kuyaandika hapa.

Mlango ukafunguliwa. Truett akasimama pembeni, akaniachia nione mwenyewe.

Kwenye kiti cha magurudumu alikuwa amekaa mwanamke mwembamba, nywele nyeupe, mguu mmoja umeshikiliwa hewani na mkanda wa mpira. Mbele yake alikuwa Lorene, miguu yake ndani ya beseni la maji ya barafu, na yeye kashika mkanda kama ule ule.

"Huyu ni Opal, mke wangu," Truett akasema. "Ana miaka tisa haachi mazoezi. Mpenzi niliyekuwa namwambia ainue mguu ni yeye."

Wiki mbili tuko kambini na sikujua kwamba Truett ana mke. Sikuwahi kumsalimia mpaka mlangoni, nilikuwa napita tu na mizaha yangu. Nilitamani ardhi ipasuke, ila kokoto za pale hazina huruma, ziliniacha nimesimama watu wote wanione.

Opal akaitazama runinga iliyojaa chenga, akanitazama mimi. "Bwana, ulikuwa unatafuta nini hasa?"

Lorene akaitoa miguu kwenye beseni mmoja mmoja, akaifuta kwa taulo, akavaa kandambili zake. Akanipita. Nikamfuata nyuma kama mtuhumiwa mpaka kwenye basi letu, ndani kunachemka, mechi bado inaendelea. Nikazima.

"Opal ana ugonjwa gani?" nikauliza.

"Wa neva. Joto likizidi, miguu inakufa ganzi na macho yanaona viwili viwili. Kivuli na maji baridi vinasaidia."

Nikaanza kuunganisha. Vikombe. Ukuta. Mtu mmoja au wawili.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Nikakaa chini. Halafu nikafanya kosa jingine, nikapandisha sauti. "Kwa nini hukuniambia, Lorene? Unamwambia jirani, mimi mumeo unanificha?"

Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Nilikwambia," akasema. "Jumapili, mwezi wa kumi, tukiwa bado Amarillo. Nilitoka kuoga, nikachukua karatasi ya daktari, nikaja kusimama mbele yako maana nilijua nikikaa pembeni hutanisikia. Nikakueleza yote. Mpaka nikalia kidogo."

"Nikasemaje?"

"Ulisema, 'Sawa mpenzi, sogea kidogo kushoto.'"

Akalaza mikono mapajani.

"Nikasogea," akasema.

Sikumbuki hiyo siku, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Mechi yenyewe naikumbuka, nani alifunga na dakika ya ngapi. Yeye akisimama pale na karatasi, sina hata picha moja kichwani. Miezi kumi alikuwa anaamini kwamba nimesikia na kwamba hilo ndilo jibu langu. Kila nilipopaki juani, aliona mume anayejua na hajali.

Jioni ile nikaenda kwa Truett kunyoosha mguu wa dishi. Alinipa koleo, hakunipa hotuba. Mimi nilishika, yeye akazungusha, Opal akawa anatupigia kelele dirishani, "Bado, bado, mmepitiliza, rudini." Ilituchukua saa nzima. Nilichuchumaa kwenye majani na dira mkononi, watu wale wale wa mchana wanapita na kunitazama. Nilistahili.

Kesho yake tukahamia namba kumi na tano, chini ya pekani. Runinga haikuona kitu.

Nikamwandalia Lorene beseni, nikavuta kiti, nikamwambia, "Nieleze tena. Tangu mwanzo. Safari hii nasikiliza."

Akaingiza miguu majini. "Nimechoka kuieleza, Garland. Kamuulize Opal."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa amechoka kweli. Nikaamka, nikaenda kubisha hodi kwa mwanamke niliyempigia teke dishi lake, kumuuliza mke wangu anaumwa nini. Opal alinitazama, akasogeza kiti kwa mkono.

"Kaa. Tafuta kalamu," akasema. "Dawa zake ni tatu, na ya asubuhi haimezwi na tumbo tupu."

Niliandika kurasa mbili. Dawa zote hizo alikuwa anazimeza mbele ya macho yangu.

Sina hekima kubwa ya kuwapa. Watu wananiuliza kwenye makundi ya wasafiri ni dishi gani bora, la paani au la miguu mitatu. Nawaambia anza na mtu wako, muulize yeye anataka kukaa wapi, halafu nunua dishi litakalomfuata. Na ukimuuliza, mwache ajibu yeye.

Na wewe unayesoma hii sasa hivi, kama kuna mtu amesimama mbele yako anaongea, weka simu chini. Usimwambie asogee.