Mlango wa Watumishi Kasrini Viena

Siku nyingi zimenitoka kichwani, mwanangu, lakini alasiri ile niliyomkuta Mercy akicheka na simu jikoni, nyumba ya Jedda, haijanitoka. Hakikuwa kicheko cha mtu aliyesikia mzaha. Kilikuwa kile cha msichana aliyeahidiwa kitu. Kicheko hicho nakijua, na sikukipenda.

Wakati huo mwili ulikuwa bado na nguvu zake. Watoto wangu nimewaacha Likoni kwa mamangu, na mimi natumika Riyadh kwa madam mmoja, kazi yangu jikoni. Mercy, msichana wa Kisii, kazi yake watoto. Kila kiangazi, joto la Riyadh likizidi, familia ilihamia Jedda kwa mama mzee, mamake bosi, na kutoka hapo wakapanda ndege kwenda kupumzika Ulaya. Mwaka ule madam alitamani kuona majumba ya wafalme. Lakini kusukumana na watu hakutaka. Alitaka atembezwe peke yake, yeye na mumewe na watoto wake, asubuhi kabla ya wageni wengine, na mtembezaji awe mwanamke anayejua Kiarabu. Akampata mmoja kwa simu, akiitwa Samira, mkaazi wa mji wa Viena. Na sisi wawili tungekwenda pia, Mercy kumbeba Lulu, kitinda mimba ambaye hata kutambaa ndiyo kwanza ajifunze, na mimi kupika, maana bosi hali wali wa mikono asiyoijua.

Samira akapewa nambari ya Mercy ili waelewane habari za maziwa na kigari cha mtoto. Habari za maziwa ziliisha siku hiyo hiyo. Ujumbe haukuisha.

"Unacheka na nani?" nikamwuliza.

"Samira, auntie. Ananitumia picha za palasi. Cheki hii, dari yote dhahabu."

"Picha amtumie madam, ndiye anayemlipa."

"Madam pia anatumiwa. Lakini wewe kila mtu unamshuku. Hata shehe akikusalimia utauliza anataka nini."

"Inategemea amenisalimia wapi."

Akacheka, akageuza simu isionekane. Mtu akigeuza simu, mwanangu, usimwulize tena siku hiyo. Mwache. Nikamwacha mpaka kesho yake tulipokuwa tunaanika nguo juu ya paa, akanieleza mwenyewe, maana siri nzito haibebeki peke yako.

Samira alimwambia hivi. Majumba yale ya wafalme yana milango ya watumishi, imechongwa ndani ya ukuta usiijue. Wakifika chumba fulani, yeye atafungua mmoja. Chini ya ngazi kutakuwa na gari, na gari litampeleka kwa mzee na mkewe wanaotafuta mtu wa kuwatunza. Huko hakuna kafili, yule mwajiri asiyekuruhusu kuondoka, hakuna mtu wa kukushikia ikama, kibali chako cha kuishi. Asimwambie mtu.

Nikamwuliza, "Amekuuliza unajua kazi gani?"

"Hajauliza."

"Ameuliza nini basi?"

Mercy akabana kibanio kwenye kanzu ya bosi, akafikiri. "Kama nina ndugu Ulaya. Kama mamangu anajua naenda mji gani. Kama kuna mtu huwa nampigia kila siku."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia hakuna."

Waliosema mwamba ngoma huvutia kwake walijua watu. Anayekutakia kazi huuliza unajua kupika, unajua kumwogesha mgonjwa. Anayeuliza nani atakutafuta ukipotea, huyo hatafuti mfanyakazi.

Nilimwambia, hakunisikia. Wala simlaumu sana. Sisi tuliofanya kazi ndani ya majumba ya watu tulizoea kuficha. Simu ya pili unaificha ndani ya gunia la mchele. Nambari ya mwenzio wa Kandara, mtaa wa wageni huko Jedda, unaiandika kwa jina la duka la samaki. Ukipewa chakula na jirani unakilia bafuni. Kila wema tuliotendeana ulipita kwa kunong'ona, hata tukafika pahali tukaona kunong'ona kwenyewe ndiyo wema. Mtu akikwambia "usimwambie mtu," moyo unatulia badala ya kushtuka. Hilo ndilo kosa letu, na waliotaka kutuumiza walilijua kabla yetu.

Utaniuliza, mbona sikumwambia madam? Madam angemnyang'anya simu na kumfungia Riyadh. Na Mercy alikuwa na haki ya kutaka kuondoka. Mkataba wake ulikwisha zamani, na kila akiomba kurudi kwao anaambiwa baada ya Ramadhani, kisha baada ya Hija, kisha baada ya harusi ya shemeji. Basi nikanyamaza, nikasema nitamwangalia. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na mlinzi naye ajue kwenda pole.

Tukafika Viena, paspoti zetu mkobani mwa madam kama kawaida. Samira alikuja kutupokea amevaa vizuri, ananukia vizuri, ana sauti ya asali. Kasri lenyewe sitakudanganya, ni kubwa kuliko mtaa. Chumba kikiisha chafungua chumba. Akatuonyesha majiko ya kauri ya kuotea moto, meupe, marefu kama mtu, hayana mlango mbele. Akasema watumishi walikuwa wakipita njia nyembamba nyuma ya ukuta, wakitia kuni huko huko, mfalme asiwaone.

Madam akacheka. "Wallahi, hii ndiyo ninayotaka Riyadh."

"Madam, unayo tayari," nikamjibu, na bosi akacheka mpaka akakohoa. Mercy hakucheka. Asubuhi ile alikuwa amenipa Lulu akisema mkono unamuuma. Tangu lini mkono wa Mercy ukauma kwa Lulu? Hapo nikajua ni leo.

Tukaingia chumba chenye kuta za kitambaa cha buluu. Samira akamwambia madam kwamba chumba kinachofuata ni cha vioo, watangulie wapige picha, yeye anakuja. Madam, bosi na watoto wakubwa wakatangulia. Samira akasukuma ukuta kwa kiganja, na ukuta ukafunguka. Ndani giza, na ngazi za mawe zinashuka.

"Yalla, Mercy. Haraka."

Mercy akanitazama. Macho yamejaa machozi, miguu imeshaelekea mlangoni. Kupiga kelele ningeweza, lakini ningempoteza kwa njia nyingine. Nikamsogelea nikamwambia, "Shika mtoto."

"Auntie, tafadhali."

"Shika mtoto, mkono umekufa ganzi."

Akampokea. Mikono iliyozoea mtoto haiulizi, humpokea. Lulu akamshika sikio kama alivyozoea, akalaza kichwa begani.

Samira akakunja uso. Ile asali ikatoka sautini. "Mweke chini."

"Wapi?"

"Hapo, kwenye sakafu. Huyu mama atamwokota. Twende."

"Ataviringika ngazini," Mercy akasema.

"Mafi mushkila, hakuna shida. Mweke."

Mimi sikunyoosha mkono. Nilisimama nimekunja vidole vyangu ndani ya buibui, nikimwomba Mungu amfungue macho, maana mdomo wangu ulikuwa umeshachoka. Mercy akamtazama yule mwanamke kana kwamba ndiyo mara ya kwanza wanaonana. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Naweza kumpigia mamangu kwanza? Nimwambie tu naenda wapi."

"Halas, basi, hakuna wakati wa mama."

Mercy akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, Lulu begani. Samira akafunga mlango, ukuta ukawa ukuta. Wakati huo huo akatabasamu, akaenda chumba cha vioo, tukamsikia akimsimulia madam nywele za malkia zilivyokuwa ndefu. Sauti imerudi tamu vilevile. Tabasamu lile, mwanangu, liliniogofya kuliko ngazi.

Mercy hakunisemesha mpaka tuliporudi Jedda. Siku aliyonisemesha aliniuliza, "Na kama alikuwa mtu mwema?"

"Huenda," nikamwambia. "Mimi simjui, na wewe humjui. Hilo lilinitosha."

Mpaka leo sijui chini ya zile ngazi kulikuwa na nini, wala sitaki kujua.

Lakini kumzuia mtu njia mbaya na kumwacha hana njia, huo pia ni ukatili. Nikamwambia, sasa ruhusa yako tutaiomba wazi. Akampigia mamake, akamtajia jina la kafili, mtaa, na rangi ya geti. Kisha tukangoja familia yote iketi kwa kahawa mbele ya mama mzee, kwa sababu nyumba zile, neno likisemwa mbele ya mkubwa, madam hawezi kulizika. Mercy akatetemeka, lakini akasema: mkataba wangu umekwisha, mamangu ananingoja, naomba paspoti yangu nirudi. Madam akaanza, "Baadaye, baada ya..."

Mama mzee akaweka kikombe chini. "Baada ya nini? Mnataka niulizwe mimi siku ya Kiyama? Mpeni kitu chake."

Mercy aliondoka Jedda mchana, kwa tikiti yenye jina lake, na mamake akamngojea Nairobi uwanjani tangu asubuhi. Leo ana mume na maneno mengi, na bado ananiita mshukuzi. Naitika.

Basi sikia, mwanangu, wewe unayefunga sanduku kwenda kazi ya mbali. Shuku. Si dhambi. Anayekuja na ahadi, msikilize anauliza nini kabla ya kusikiliza anatoa nini. Akikutaka ufiche, wewe tangaza; mficha uchi hazai. Mtu wa kwenu ajue mji, nyumba na jina la unayemtumikia, na akikosa sauti yako aanze kuuliza. Haki yako idai mbele ya watu, hata sauti ikitetemeka. Na mtu akikuamuru umtupe aliye mdogo kuliko wewe ndipo akuokoe, jua kwamba wewe nawe ni mdogo kwake.

Mola akuepushe na wanaokupenda kwa haraka. Akupe mkubwa wa kukusemea na mama wa kukuuliza umefika. Nenda, radhi zangu unazo.