Baba Alisema Mkanda Haulii

Mwezi wa saba Sumbawanga hupoa mpaka maji yaliyolala nje kwenye ndoo yanauma meno. Asubuhi moja ya namna hiyo, nyumbani kwetu Malangali, niliwasha pikapu yangu ikapiga kelele kama nguruwe anayekamatwa. Injini ilipopata moto kidogo, kelele ikakatika. Kesho yake ikarudi. Siku ya tatu ililia hata nilipokuwa nakata kona kuingia Majengo, ambako nina duka la mbegu na mbolea, na mshonaji wa jirani akatoka nje na futi shingoni kuangalia kuna nini.

Nyuma ya maduka yetu kuna gereji. Fundi niliyemzoea alikuwa amehama, na huyu aliyechukua nafasi yake alikuwa na miezi michache tu mjini. Alitoka ziwani. Baba yake alikuwa mvuvi wa Tanganyika, na yeye mwenyewe aliianza kazi kwa kutengeneza mashine za mitumbwi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwepesi wa kucheka. Mimi watu wepesi wa kucheka huwa nawaangalia mara mbili, hasa wakiwa wameshika spana.

Alifungua boneti, akainama, akasema, "Dada, huu mkanda umekwisha."

Alikuwa anausema ule mkanda mrefu mweusi wa mbele ya injini, unaopita kwenye puli zote na kuzungusha alteneta, pampu ya maji na pampu ya usukani. Niliuangalia. Ulikuwa mzima.

"Mbona hauna hata ufa?"

"Ya siku hizi haipasuki kama ya zamani. Inalika. Pitisha kidole kwa ndani, usikie mifereji yake. Imekuwa bapa."

Nilipitisha kidole. Mifereji niliisikia, lakini sikujua inatakiwa iwe na kina gani, naye alijua kwamba sijui. Akachukua chupa ya maji, akanyunyizia mkanda kidogo huku injini ikiunguruma. Kelele ikanyamaza. Baada ya muda mfupi ikarudi.

"Umeona? Na hii puli ya kukazia nayo siipendi. Badilisha wiki hii, dada. Usiende nao mbali."

Nilichoona mimi ni mtu anayenyunyiza maji na kelele inatii. Waganga wa mnadani nao hufanya hivyo hivyo. Nikamwambia nitauliza nyumbani.

Wa kuulizwa nyumbani alikuwa baba. Baba aliendesha malori ya mahindi zaidi ya miaka thelathini, tangu barabara ya kwenda Tunduma ikiwa tope tupu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kila gari nililowahi kununua lilipita kwanza kwake: alikuwa anakaa kwenye kiti cha abiria, anafumba macho, anasikiliza, kisha anatoa hukumu. Alinilea nikijua kwamba fundi ni mtu wa kusimamiwa. Alikuwa na kisa cha mwenye gari aliyekwenda kunywa chai, akarudi akakuta betri yake mpya imekuwa kuukuu. Kwa hiyo alisimama pembeni ya kila fundi, mikono nyuma, mpaka boneti ifungwe. Nami nilikua nikisimama vile vile.

Asubuhi iliyofuata nikawasha gari mbele yake. Likalia. Baba akainamisha kichwa juu ya injini kwa muda, akanyooka.

"Hakuna kitu," akasema. "Mkanda haulii. Huyo wa mitumbwi anataka kukuuzia mkanda."

Mimi nilikuwa nimeusikia kwa masikio yangu. Lakini baba alisema kwa uhakika, na nikaelewa kwamba kwa mtu anayejua, kulia kule si kulia. "Ni baridi tu, siyo?" nikamuuliza.

"Baridi kali," akajibu, akajifunga koti vizuri.

Nikaridhika. Nikumbukapo leo najua niliridhika haraka mno, kwa sababu jibu lake lilikuwa lile nililolitaka.

Jumamosi nilimpeleka gereji ajionee mwenyewe. Fundi alifuta mikono, akasogea, akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee." Baba akampita bila kuitikia, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Niliona aibu kidogo, lakini pia nilijisikia vizuri: mzee wangu amemtambua mtu. Alisimama mikono nyuma, akautazama mkanda, akatamka, "Mkanda mzima huu."

Fundi akaanza kumweleza habari za mifereji. Aliuambia mgongo wa baba, maana baba hakugeuka.

"Umesikia alivyosema mzee," nikamwambia.

Fundi akamtazama baba kwa muda mrefu. Akanitazama mimi. Alifungua mdomo kama mtu anayetaka kusema jambo, akaufunga. Nikajiambia, mwizi akibambwa ndivyo anavyotazama. Kisha akasema, "Basi nitakuwekea mmoja wa saizi yako pembeni," akarudisha mkono ndani ya injini, akagusagusa kitu, akafunga boneti. Mkono ule sikuupenda. Nilirudi nyumbani nikiufikiria.

Jumanne nikaenda Mpui kuchukua maharage kwa wakulima ninaofanya nao kazi. Kwenda nilikwenda salama, gari likilia kila nilipoliwasha. Kurudi, nikiwa nimetoka vijijini na gunia kumi na mbili nyuma, kilomita chache kabla ya lami, nikasikia kitu kikipiga ndani ya boneti kama mjeledi. Kilio kikakatika. Kwa dakika nzima nilifurahi. Halafu taa nyekundu ya betri ikawaka, usukani ukawa mzito kama nasukuma ukuta, na mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikaegesha pembeni kwenye nyasi.

Kule ni wazi. Upepo unakuja kutoka mbali bila kitu cha kuuzuia. Mfugaji mmoja alipita na ng'ombe wake, akanisalimia, akaniuliza kama nina maji, akaendelea. Nilifungua boneti nikaukuta mkanda umenasa kando ya puli. Niliuvuta. Mahali ulipokatikia palikuwa na nyuzi zilizochanika, lakini ukingo wake mmoja ulikuwa umenyooka, umenyooka kabisa, kama uliopitiwa na wembe.

Amekata, nikasema kwa sauti, peke yangu porini. Aliniambia nisiende nao mbali, kisha akahakikisha haufiki mbali. Ule mkono ndani ya injini. Ule mkanda wa saizi yangu uliowekwa pembeni. Kila kitu kilikaa mahali pake, na nilisikia raha fulani mbaya ya kuwa sahihi.

Nikampigia. "Umenikatia mkanda."

"Uko wapi, dada?"

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Uko wapi?"

Alifika baada ya kama saa moja na nusu, nyuma ya bodaboda, mkanda mpya umening'inia begani na mfuko wa spana mgongoni. Hakunisalimia kwa kicheko siku hiyo. Nilisimama juu yake, mikono nyuma, nikimtazama kila kidole. Alipapasa puli moja moja mpaka alipofikia ile ya kukazia. Akaizungusha kwa mkono.

"Sikiliza."

Ilikwaruza kama kokoto ndani ya kopo.

"Beringi ya puli imekufa. Puli imelala upande, imekuwa inaukwangua mkanda ukingoni. Leta ule uliokatika."

Nikampa. Akaunyoosha wote juu ya nyasi, toka mwanzo mpaka mwisho, akanionyesha ukingo. Haukuwa umenyooka pale ulipokatikia tu. Ulikuwa umenyolewa hivyo hivyo urefu wote, umeng'aa kwa joto, na mifereji ya upande ule haikuwepo tena. Hakuna mtu angeweza kuunyoa mkanda mzima hivyo nikiwa nimesimama begani kwake.

"Wembe ungekata mahali pamoja," akasema taratibu. "Na siku ile niliurudisha mkono kujaribu kuikaza hiyo puli kidogo, ikusaidie. Ningekuambia, lakini hukuwa unanisikiliza."

Nilishika tochi ya simu ingawa jua lilikuwa linawaka, ili tu mikono yangu iwe na kazi.

Aliufunga mkanda mpya. Puli nyingine ya aina ile angeipata mjini kesho yake, akaniambia. Nitembee polepole, na nisishangae, italia sana. Alipokuwa anafunga mfuko wake akasema bila kuniangalia, "Dada, usinielewe vibaya. Mzee anasikia vizuri?"

"Mzee anasikia kuliko wewe," nikamjibu.

Akapanda nyuma ya bodaboda iliyomleta, lakini yeye na dereva wake hawakuniacha. Walikaa nyuma yangu mpaka tulipouona mji.

Nilifika Malangali jua likiwa bado juu. Puli ilikuwa inalia kiasi kwamba watoto wa mtaani walinikimbilia, na jirani yetu mama mmoja alitoka jikoni kwake ameziba masikio kwa viganja. Nikaingia getini. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mgongo kwangu, akipukuchua mahindi kwenye ungo.

Hakugeuka.

Nilishuka nikaliacha gari likiunguruma na kulia. Nikasogea. "Baba." Nikasogea tena, hatua tatu tu nyuma yake. "Baba!" Punje zikaendelea kudondoka kwenye ungo. Kivuli changu kilipofika mikononi mwake ndipo aliposhtuka, akageuka, akaniona, akatabasamu.

"Umerudi, mama. Gari lilikwendaje?"

"Linalia?" nikamuuliza.

Nilimwona akiutazama mdomo wangu. Nadhani alikuwa ameutazama hivyo kwa miaka.

"Halilii," akasema.

Nikarudi nikazima injini. Nilikaa ndani ya gari kidogo, kwanza kwa hasira. Ningeweza kufia kwenye kona na gunia kumi na mbili mgongoni kwa sababu ya neno lake. Halafu nikakumbuka "Baridi kali," na koti lile. Nikakumbuka salamu isiyoitikiwa. Redio aliyokuwa anaifungulia kwa nguvu, nikidhani anamkomoa jirani. Simu alizosema hazikuita.

Nikachuchumaa mbele yake ili aone uso wangu. "Toka lini, baba?"

Aliendelea kupukuchua. Nilidhani hajasikia, nikataka kurudia, akainua mkono kunizuia.

"Kabla mama yako hajafariki. Zilianza kupotea sauti za ndege mitini. Kisha simu. Sauti nene ninazisikia bado, injini naisikia miguuni. Hizo nyembamba ndizo zimekwenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kila kitu kingine unafanya mwenyewe," akasema. "Gari ndilo uliniuliza. Ningekuambia sisikii, ungeniuliza nini tena?"

Usiku wake sikulala vizuri, na si kwa kumhurumia tu. Nilianza kuyapitia mambo yote aliyowahi kunihakikishia. Gari la kwanza nililoliuza kwa sababu alisema giaboksi inakwaruza. Mpangaji niliyemwondoa kwa sababu baba alisema hajamsikia akirudi kwa wakati. Yule fundi wa zamani ambaye niligombana naye juu ya beringi ya gurudumu. Sikujua tena lipi lilikuwa kweli, na baadhi yao sasa hawapo wa kuwaomba radhi.

Hospitali walimtoa nta kwenye sikio moja, akafurahi siku mbili. Lile lingine walisema ndivyo litakavyokuwa. Kifaa cha kusikilizia alikivaa wiki moja, akakiweka kabatini kwenye boksi lake, akasema kinamletea kelele za vijiko.

Kwa fundi tulikuwa tumekwenda mapema, mimi na baba, asubuhi ya baada ya usiku ule. Nilimwambia baba njiani, nikimkabili: kijana alikusalimia ile siku, hukumsikia. Baba alipofika alimshika mkono kabla hajasema kitu, akaushikilia, akamwambia, "Marahaba, mwanangu. Nimechelewa." Fundi akacheka. Mimi bado namwangalia mara mbili anapocheka, ni ugonjwa wa ukoo, lakini puli nilimwachia aiweke nikaenda dukani kwangu kuuza mbegu.

Mwezi uliopita gari lilianza sauti nyingine. Nilikuwa jikoni nachambua maharage, baba akaingia, akakaa, akaniuliza gari linaendeleaje. Nikamwambia kuna kitu kinalia.

"Kinaliaje?"

Nikajaribu kumweleza kwa maneno, nikashindwa. Akatikisa kichwa. "Usinieleze. Lia kama lenyewe."

Nikaona haya, mtu mzima mimi. Nikapiga mluzi mwembamba, nikakumbuka kwamba wembamba haumfikii, nikaurudia kwa sauti nene ya kifuani, nikikata pale gari linapokata. Baba akaweka kiganja chake chini ya koo langu, akafumba macho.

"Rudia," akasema. "Polepole. Halafu uniambie kama linaongezeka ukikata kona."