Mbuzi wa Baba Hawatajwi kwa Idadi

Mwanangu, kesho unakwenda Kakuma kufundisha Kiingereza katika kambi ya wakimbizi, basi keti nikusimulie siku kaka yangu Ekai alipofukuzwa darasani. Ilikuwa Lodwar, miaka ya tisini, tukisoma darasa la nane pamoja.

Mwalimu wetu alitoka Murang'a, mtu mzuri ila mwepesi wa hasira. Alitufundisha kwamba kinachohesabika, kama vikombe, Mwingereza hukisemea "many", na kisichohesabika, kama maji, "much". Akamsimamisha Ekai.

"Baba yako ana mbuzi wangapi?"

Ekai kimya. Akaulizwa tena, kimya. Unajua mwenyewe, kwetu mtu hataji idadi ya mifugo, ni kuiitia balaa. Mwalimu wa watu hakujua, aliona kiburi tu. "Toka! Usirudi mpaka uwe na jibu."

Niliogopa sana. Mtihani ulikuwa umekaribia, na baba alikuwa akitafuta kisingizio tu amrudishe Ekai malishoni.

Jioni nikamweleza nyanya, nikitegemea amlaani mwalimu. Wapi! Alimgeukia Ekai. "Umefanya vyema kutowahesabu. Lakini ulimwambia kwa nini?"

Ekai akatikisa kichwa.

"Sasa angejuaje? Mtu katoka mbali huko, wewe unamnunia! Kesho nenda ukamwambie."

Asubuhi Ekai akaenda, mimi nyuma yake. Alieleza kwa sauti ya chini, pale mlangoni. Mwalimu akacheka. "Mbuzi tu? Mbona si jambo gumu! Haya, niulize mimi."

Ekai akamuuliza, kwa Kiingereza safi na bila nia mbaya, ana watoto wangapi.  Kicheko kikamwisha mwalimu. Akasema, "Hata kwetu watoto hawahesabiwi." Akasogea kando, Ekai akapita akaketi mahali pake. Siku hiyo tulihesabu madirisha.

Basi mwanangu, huko Kakuma utakutana na watu wa Sudan Kusini, wa Somalia, wa Kongo, na kila mmoja ana jambo lake asilolitaja mbele za watu. Mwanafunzi akinyamaza, usimfukuze, muulize kwa upole. Nao wakikukosea kwa kutojua, usinune, waambie. Nenda salama. Mungu akutangulie, na akupe wanafunzi wasiokuogopa.